Mabega ya Mke wa Sroka

Alikuja mara ya kwanza mwezi wa Januari,
theluji ya Łódź ingali kwenye kofia yake ya udereva wa tramu,
na rinda la kijani limefungwa ndani ya gazeti
kama samaki.
"La mke wangu," alisema. "Linambana mabegani."

Mke wake tulimzika.
Nilishika mwavuli upande wa kushoto wa kaburi,
na sketi aliyozikwa nayo niliipiga pasi mimi.
Irmina Sroka, mwanamke mdogo kama kijiko cha chai.
Lakini Bwana Bogumił alisimama mbele ya meza yangu
akiutazama mkasi, asinitazame mimi,
nami nikasema, "Nipe vipimo vyake."
Akavitaja bila kusita,
kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Nikafumua, nikaongeza kipande cha pembetatu kwapani,
nikashona. Akalipa. Chenji akaiacha.

Hapa ningependa kuuruka mstari,
ila mshono ulioruka hufumuka wenyewe.
Jumamosi, kwenye foleni ya duka la nyama,
Bi Kunegunda wa ghorofa ya tatu alisema
ameona taa, ameona pazia, ameona kivuli chenye kiuno.
Wakacheka.
Nami nilikuwa na neno mdomoni, la moto, tamu,
mjane wa miaka tisa asiyesikilizwa na mtu,
nikalitema:
"Rinda lenyewe nimelipanua mimi."

Loo, walivyonigeukia!
Kwa dakika tatu nilikuwa malkia wa soseji.

Kufika Jumatano mlango wake ulikuwa na mdomo
uliochorwa kwa rangi nyekundu, mpana kama beseni.
Kituoni wenzake walitundika sidiria
ndani ya chumba cha dereva, tramu namba nane,
akaendesha nayo hadi mwisho wa reli
kwa kuwa abiria walikuwa wanangoja.
Kanisani akaambiwa kwa upole,
upole ule wenye wembe ndani,
kwamba mwaka huu wabeba bendera wametosha.
Binti yake wa Gdynia akaacha kupiga simu za Jumapili.

Na kabla ya Kwaresima, siku ya mwisho ya kula na kunywa,
wazimamoto walivaa sketi, wakajitia matiti ya puto,
wakachezea uwanjani mbele ya watoto.
Padri mwenyewe alipiga makofi.
Mimi pia. Nilikuwa nimeshayapiga
ndipo mikono ikanipoa:
kosa la Bogumił halikuwa rinda.
Kosa lake ni kwamba hakulivaa kwa mzaha.

Nguo ni sitara, mama alinifunza hivyo
kabla hajanifunza kutunga uzi.
Fundi huona makovu, huona matumbo, huona mifupa,
kisha hufunika.
Mimi nilimvua mtu kwa ulimi
mbele ya ndoano za nyama.

Machi alirudi. Hakuleta gazeti,
rinda lilikuwa mkononi, wazi,
tope kwenye pindo, mgongo umechanika.
Sikuuliza nani. Hakunitajia mke.
Nilianza kusema kitu kuhusu foleni ile, akanikata:
"Najua. Linashoneka?"

Nikachukua futikamba. "Vua koti," nikasema.
Nilikuwa sijawahi kumpima.
Mabega yalikuwa vilevile alivyoyataja Januari,
hayakupungua hata nusu sentimita.

Nililishona palepale. Akalivaa nyuma ya kabati,
akatoka kinyumenyume, mgongo kwangu.
"Zipu siifikii," alisema.
"Irmina ndiye aliyekuwa akinifungia."

Ilikwama katikati.
"Usivute pumzi," nikamwambia.
Nje, Bi Kunegunda alipita na mfuko wa viazi,
akasimama, akaegemeza paji la uso kwenye kioo.
Mkono wangu ulitaka kushusha pazia.
Ulikuwa umeshika zipu.