Kumi na Nne

Jumatano, Ibra. Wanawake wametoka sokoni,
vikapu mapajani, wamejaa viti vya kliniki ya meno,
kila mmoja na kikaratasi chake cha namba.
Mimi nimejikunja chini ya meza ya mapokezi,
siku yangu ya tatu kazini,
nachungulia nyaya kama mtu aliyepoteza pete.

Siku ya kwanza niliuliza: "Intaneti yenyewe iko wapi humu?"
Ghalya alicheka kicheko chake cha Bujumbura,
akakata waya, akauchuna ngozi:
nyuzi nane, zimesukwa mbili mbili.
"Anza hapa. Intaneti ni neno la wanaolipa bili.
Sisi tuna waya."
Nikakariri usiku, kama mtoto wa chuoni:
nyeupe-chungwa, chungwa,
nyeupe-kijani, buluu,
nyeupe-buluu, kijani,
nyeupe-kahawia, kahawia.
Kosea mmoja, taa haiwaki.

Leo taa zote zinawaka. Hilo ndilo linalotutisha.
Jino la Bi Zuweina bint Hamed limepigwa picha,
mashine ya eksirei imeapa kwamba imetuma,
na daktari, vyumba viwili kutoka hapo,
anatazama kioo cheusi.
Bi Zuweina ameshika shavu. Hasemi kitu.

Ghalya hana haraka. Mgongo ukutani, karaki mkononi:
"Kila mashine ina majina mawili.
La kwanza imezaliwa nalo kiwandani, inakufa nalo.
La pili ni la kupanga, kama chumba;
ukihama, unaliacha.
Kisanduku hiki chenye matundu ni swichi:
kinawajua wa nyumbani, nani yuko tundu gani.
Yule mwenye antena ni ruta. Yeye ni mlango,
anayetaka kutoka nje hana njia ila kwake.
Na ndiye anayegawa namba,
kama binti wa mapokezi na vikaratasi vyake."

"Na mtu akiingia bila kikaratasi?" niliuliza.
"Akajiandikia mwenyewe?"

Ghalya akaweka kikombe chini.

Tukabisha hodi, namba kwa namba.
(Ndivyo anavyoiita ping: hodi. Aliyepo ataitika.)
Kumi na mbili: karibu.
Kumi na tatu: karibu.
Kumi na nne: karibu, kimya, karibu, kimya,
kama nyumba ambayo wapangaji wawili wanagombea mlango.

Kwetu, Saud bin Nasser wako watatu.
Barua ya benki ya mmoja ilifunguliwa na mwingine,
maneno hayakwisha mpaka Idi.
Nikajua ninachokitazama.

Printa. Ile kongwe ya ukumbini.
Fundi fulani aliipa kumi na nne kwa mkono wake,
akaenda zake, hakumwambia mtu,
na asubuhi hii ruta, bila kujua,
ikampa daktari kumi na nne ileile.
Jino likawa linapelekwa kwa printa,
na printa haijui jino ni nini.
"Fahali wawili," alisema Ghalya,
hakuimaliza methali.

Nikaihamishia printa mia mbili,
mbali na namba zinazogawiwa.
Nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika ubavuni,
ili fundi ajaye asinilaani.

Picha haisafiri nzima.
Hukatwa vipande, kila kimoja na anwani yake na namba yake,
na upande wa pili mtu anahesabu:
cha sita nimepata, cha saba sijakiona, kilete tena.
Kinaletwa. Hakuna anayeona haya kuomba mara ya pili.

Nilisimama mlangoni kwa daktari.
Mzizi uliopinda, doa dogo jeusi chini yake.
"Aa," alisema, "ndiye huyu."

Bi Zuweina alipotoka, mdomo umekufa ganzi,
alipekua kikapu akanipa ndimu kavu mbili.
Ya kwanza yangu.
Ya pili, kwa Kiswahili cha upande mmoja wa mdomo:
"Ya huyo bibie wa waya."