Sifa: Hairudi

Brno, Januari. Theluji imegeuka tope njiani,
na Vendula Hrubešová anasoma msimbo wa lifti
iliyofungua mlango katikati ya sakafu mbili
mbele ya bibi mwenye trei ya mayai.
Bibi hakuanguka.
Mayai yalikwenda yote.

Anaikuta fanksheni fupi, kazi yake kuzima mashine.
Juu yake mtu ameibandika sifa:
mabano ndani ya mabano, koti juu ya koti,
na ndani kabisa neno moja la kiapo:
hairudi.

Kompaila haina shaka wala wivu.
Ukiiambia hii haigusi kitu nje yake,
itaiita mara moja, jibu italiweka akiba.
Ukiiambia hii baridi, huitwa kwa nadra,
itaisogeza kando, mbali na njia ya wapitao.
Ukiiambia hairudi,
itafagia yote yaliyopangwa baada yake,
breki, hesabu, kwaheri,
kwani nani humpakulia asiyekuja?

Na fanksheni ilirudi.
Novemba Radovan alikuwa akijaribu jambo,
akatoboa tundu la kutokea, akaisahau sifa pale juu.
Ikarudi, haikukuta kwao,
ikadondokea kwa jirani wa chini kumbukumbuni,
na jirani yule kazi yake ni kufungua milango.

Vendula anaondoa vidole kwenye kibodi.
Ostrava, ana miaka tisa. Mama anakata mkate,
anasema bila kupaza sauti: Baba harudi.
Viatu vikatolewa. Ndoana ya koti ikang'olewa,
chumba akapewa mpangaji, mwanafunzi wa udaktari.
Mwaka wa nne, siku mbili kabla ya Krismasi,
baba hakubisha hodi, ufunguo alikuwa nao.
Akaingia na samaki wa sikukuu, hai, ndani ya ndoo,
akafungua mlango wa chumba,
na kijana wa watu akaruka kitandani kwa chupi.
Baba alisimama pale, maji yakimwagikia soksi.
Hakuna aliyejua ndoo iwekwe wapi.

Mama hakudanganya. Alisema alilolijua.

Afute tundu, au afute kiapo?
Anafuta kiapo. Anajenga upya.
Programu imenenepa baiti arobaini na nane,
zote za kupokea mgeni.
Kwenye maelezo ya badiliko anaandika, *Huenda ikarudi*,
anavaa koti, anaitazama lifti ya ofisi,
anashuka kwa ngazi.