Bakuli la Tononoka

Ajenda ya tatu: mechi ya Bakuli, iendelee au izikwe.
Mimi ni katibu. Kazi yangu kuandika, si kusema.
Waliohudhuria ni kumi na mmoja, timu kamili,
ila wote washambuliaji, kipa hakuna.

Bwana Famau alianza, faili la plastiki mkononi:
kutakuwa na mchujo, vyuo vinane, nchi nzima,
bingwa mmoja asiye na "lakini" nyuma ya jina lake.
"Mechi isiyompeleka mtu popote," akasema,
"ni mazoezi yenye jezi."
Nikaandika: mazoezi yenye jezi.
Kalamu ikakwama kidogo kwenye z.

Kocha Nyamvula hakuinua mkono.
"Popote ni wapi? Vijana wangu wameshafika.
Wamefika Tononoka, Desemba ishirini na saba,
saa kumi, jua limelegea,
na mama zao wamefunga maduka."

Nisiloliandika:
mwaka wa kwanza hapakuwa na pesa za kombe.
Nyanya yangu akatoa bakuli lake la shaba,
la kupakulia mchuzi wa harusi.
Akasema, gombaneni kwa hili, ila lirudi.
Ualimu wakashinda kwa penalti, wakalijaza halua,
wakala pamoja na walioshindwa, vidole vikagandana.
Likaitwa Bakuli la Halua.
Kisha Bakuli la Rangi za Nyumba.
Kisha Bakuli la Mikopo ya Papo kwa Papo,
na mwaka jana mtangazaji alimtaja mdhamini mara arobaini,
mfungaji mara moja,
tena alimkosea jina.

Mweka hazina akauliza: watazamaji?
Mia mbili na kumi, pamoja na wauza mihogo.
Akauliza: na Dzombo?

Kimya. Feni ikawa ndiyo inayochangia hoja.

Dzombo, mguu wa kushoto wa Ufundi, alikuwa amesaini klabu.
Wakala kamwambia: usiguse mpira hadi Januari.
Basi alikaa jukwaani, viatu vyeupe, akila mihogo ya pilipili,
timu yake ikifungwa manne kwa bila.
Wakamzomea. Mmoja akamrushia ganda la ndimu.
Mamake akasimama, leso kaifunga kibwebwe:
"Goti hilo ndilo kodi ya nyumba yetu.
Likivunjika, nani kati yenu atakuja na risiti?"
Hakujibu mtu.
Mimi nilikuwa safu ya chini yao, nikaona:
mguu wa kushoto ulikuwa ukipiga, ukipiga,
chini ya kiti,
kila krosi ilipopita.

"Mnaona?" Famau akasema. "Hata wachezaji hawaitaki."
"Wewe ulitazama kiti," Nyamvula akamjibu.
"Hukutazama mguu."

Mwenye hoteli akasema mechi ibaki,
vyumba vyake hujaa wiki hiyo.
Hajui kuotea ni nini, lakini kura yake ni kura.
Mwakilishi wa wanafunzi akasema mchujo uje:
yeye ana miaka ishirini, anataka kucheza na Nairobi,
na halua, samahanini, haiandikwi kwenye barua ya kazi.
Hapo nilikaribia kusema kitu.
Sikukijua ni kitu gani.

Kura: watano, watano.
Wa kumi na mmoja ni mimi, na katibu hapigi kura.
Mwenyekiti akatazama saa. Likaahirishwa.

Nimefika nyumbani. Bakuli liko jikoni,
limelowekwa mbaazi za asubuhi.
Ubavuni lina mbonyeo la mwaka wa sita,
kipa wa Ualimu alipoliangusha kwa furaha.
Mama anauliza, "Wameamua nini?"
Natia mkono majini, nageuza mbaazi.
"Wameamua wakutane tena."
"Hadi hapo ni letu," asema,
na kulifunika kwa sahani.