Anwani ya Konokono

Goulven, ndugu yangu, ulikosea.
Miaka thelathini na moja tarishi wa Roscoff,
hukuwahi kuacha barua kwenye mlango usio wake,
na huyu, punje ya mchele yenye kizunguzungu,
umempeleka kwa watu baki.

Nimemkuta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
amelala ndani ya spiriti na lebo yako ya penseli,
herufi zimeinama kama zinapigwa na upepo.
Umeandika ukoo, jenasi, tarehe,
hata mvua.

Nami nilimwona kama ulivyomwona:
kanzu nyeupe, mizingo sita,
na ule mkunjo kwenye nguzo ya ndani
ambao sote wawili tuliuita ufa.
Lakini kanzu huazimwa.

Nikamtoa nyumbani mwake kwa pini ya kushonea:
mguu mmoja, joho,
macho mawili kama nukta zisizo na sentensi,
na mwili uliojisokota tangu uchangani
hata njia ya haja ikatokezea juu ya kichwa.
(Ulipenda kuwaeleza wageni habari hiyo,
tena wakati wa supu.)

Tone la jiki. Nikasubiri meno.
Ukoo uliompa una meno saba kila safu,
safu nyuma ya safu, ulimi mzima tupa ya kukwangulia mwani.
Nyama ikayeyuka. Chai ikapoa.
Jino hakuna.
Pamebaki kitu chembamba, sindano.
Huyu hatafuni, Goulven. Anamdunga kome, anafyonza.

Ndipo nikapandisha lenzi hadi kileleni mwa kombe,
maana konokono hautupi utoto wake,
huujengea chini yake nyumba nzima.
Na utoto wa huyu ulizunguka kushoto,
ubavu chini, kama mtoto aliyegoma kuamka;
halafu, sijui kwa amri ya nani,
akageuka, akaenda kulia maisha yake yote.

Nikaweka kalamu chini.
Nilikuwa na miaka sita. Nilimwona Mtawa Enora
akikufunga mkono ule kwa utepe wa kofia.

Lebo mpya nimeandika, ukoo wake halisi,
na chini yake: *Azenor Kerbrat, Februari.*
Ya zamani haitupwi, ndiyo desturi ya makumbusho.
Nimezikunja zote mbili chupani.
Yako inatazama nje.