Siku Moja na Nusu

Nina siku moja na nusu, basi.
Alhamisi jioni nafunga duka la dawa,
Jumamosi asubuhi nalifungua.
Hapo katikati nimechomeka pikipiki,
na mvua nayo imejichomeka bila kualikwa.

Ramani nimeitandika mezani, jikoni, Maabela.
Pembe moja nimeikandamiza kwa chupa ya siki,
nyingine kwa helmeti.
Maabela hadi Fanja, Fanja hadi Izki,
Izki kupinda Sinaw, halafu Ibra kwa shangazi,
kulala, kula, kurudi.

Simu inasema: asilimia arobaini.
Arobaini ya nini? Ya saa? Ya wingu? Ya mimi?
Sijapata kuona mtu aliyelowa asilimia arobaini.

Azzan ana tairi mpya, hasikii la mtu.
Ananiandikia: *Twende tu, mvua si risasi.*
Namjibu: *Mvua si risasi.
Wadi ndiyo bunduki.*

Mama alinilea na methali zake za Unguja:
dalili ya mvua ni mawingu.
Methali ya kwao, kwenye mvua ya kila siku.
Huku wadi ni mto uliosahau kazi yake.
Miaka miwili kokoto na mbuzi,
watoto wanapiga mpira, magoli ni mawe mawili,
halafu siku moja, chini ya anga lisilo na doa,
yanafika maji ya mvua ya watu wengine,
yaliyonyesha jana huko milimani
yakatembea usiku kucha,
na hayabishi hodi.

Niliwahi kumuuzia plasta
mtu aliyekaa saa saba juu ya paa la gari lake.
Hakusimulia kitu.
Aliuliza bei, akahesabu chenji mara mbili,
akaondoka na kiatu kimoja.

Nampigia shangazi Thuwaiba.
"Hapa jua tupu, mwanangu! Njoo,
nimeshaloweka mchele wa mkate wa kumimina."
Namuuliza: umechungulia nje?
Kimya.
Nasikia pete za pazia zikikwaruza chuma.
"Ehe," anasema. "Kumbe kumefunga."

Basi nafuta. Nilichora kwa penseli, si kwa wino.
Sinaw imekwenda na kifutio,
na ile njia ya chini yenye nguzo nyekundu na nyeupe
za kupimia maji, ambazo miaka yote
nilizipita pakavu nikidhani ni mapambo.
Imebaki barabara kuu, yenye madaraja,
inayochosha macho kama fomu za bima.
Tukifika Fanja saa moja na nusu, tuutazame mlima.
Ukionekana ukingo wake, twende.
Ukiwa umejifunga kilemba,
chai ya maziwa kituo cha mafuta, mkate na jibini,
tugeuze.

Azzan: *Kwa hiyo tunakwenda au hatwendi?*
Mimi: *Tunakwenda hadi tutakapojua.*
Azzan: *Hiyo si safari, hiyo ni ndoa.*
Ameachika mwezi wa pili huu. Simjibu.

Saa nne usiku niko chini, maegeshoni,
napaka mnyororo mafuta kwa mswaki wa zamani.
Nimefunga mifuko ya taka miwili, ya kuvalia viatu,
tochi, kanzu moja ya Ijumaa
iliyokunjwa ikawa ndogo kama leso,
na dawa ya presha ya shangazi, miezi mitatu,
ndani ya plastiki, ndani ya plastiki, ndani ya plastiki.
Hiyo ndiyo sababu niliyompa mke wangu.
Sababu yenyewe ni ule mteremko baada ya Bidbid,
asubuhi, kabla joto halijaamka,
pale injini inapoacha kulalamika
na mimi pia.

Tone limeanguka juu ya tangi.
Nimeinua uso.
Kiyoyozi cha jirani wa ghorofa ya pili
hudondosha papo hapo, kila usiku,
nakijua.
Nimesogeza pikipiki hatua mbili,
nikasimama, kiganja wazi,
kama mtu anayedai chenji yake.