Milango ya Syombua

Mimi ni fundi wa milango, Kamukunji,
jirani ya wale wanaogonga masanduku ya bati.
Nimechomelea milango ya maduka, ya vyoo,
na ya kanisa moja Kayole ambalo halijanilipa hadi leo.
Basi Daktari Chelagat alipochukua kalamu
na kuchora mlango nyuma ya risiti ya dawa,
nilivuta kiti.

Tulikuwa tumekwisha kuambiwa mengi.
Mathari walisema ni wazimu.
Shangazi, ameshuka basi la Mwingi na kuku kapuni,
alisema ni mkono wa mtu.
Syombua mwenyewe alisema nzi wa chuma wamemwingia masikioni.
Wiki ya tatu hakusema tena.
Akakaa akitafuna hewa,
mkono mmoja juu kama mwanafunzi aombaye ruhusa,
saa nzima, mkono juu,
na sisi tukiushusha, unarudi.

"Ubongo," daktari alisema, "ni majirani wanaopigiana hodi.
Hodi yenyewe huitwa glutameti.
Kila seli ina milango ukutani, vipokezi,
na upo mmoja mkaidi,
tunduni mwake kumekwama chembe ya magnesi.
Ubishe hadi vidole vichubuke, hupiti,
mpaka umeme wa ndani upande uisukume chembe nje.
Hodi na umeme, saa ileile.
Ndipo kalisi inapoingia,
ndipo mtu anapojifunza jina la mtu."

Nikauliza swali la fundi:
milango iwe mingapi, nani huamua?
Alicheka. "Hakuna bosi.
Seli hupachika na kung'oa, usiku na mchana.
Njia ikipitwa sana, huongezewa milango.
Ikinyamaza, milango huvutwa ndani,
mingine ikavunjwavunjwa, mingine ikawekwa stoo.
Na kelele zikizidi
seli hupunguza yote kwa kiasi, isije ikaungua."

Nikakumbuka nyundo za kwetu, mia kwa mia,
na jinsi sikio linavyozizoea,
lakini mtu akinong'ona deni lako
unageuka.

Kwa Syombua walioharibu ni askari wake mwenyewe.
Kingamwili, wenye mikono miwili,
waliikamata milango miwili miwili, wakaitia pingu,
seli ikaivuta yote ndani.
Hodi zikawa zinapigwa kwenye ukuta mtupu.

Kosa lilianzia mbali na kichwa.
Kwenye kifuko cha mayai palikuwa na uvimbe
mdogo kuliko parachichi,
ndani yake nywele, jino moja,
na vipande vya kitu kinachofanana na ubongo.
Askari walijifunza sura pale,
kisha wakapanda juu kama msako wa usiku mtaani:
kitambulisho hakisomwi, mnapakiwa tu.

Walikata uvimbe. Walimtundikia dripu.
Niliuza mashine ya kuchomelea,
nikawa fundi wa milango asiye na mlango wa kutengeneza,
nimekaa orofa ya saba nikihesabu bawaba za wodi.
Daktari alisema milango hurudi,
lakini hairudi kwa haraka ya ndugu.

Mwezi wa nne, muuguzi akiingia na uji,
Syombua aligeuza shingo.
"Huo mlango," akasema, "utieni grisi."
Nikatoka nje nikalia karibu na lifti mbovu.

Sasa yuko Ngara, kwenye meza yake ya vitambaa.
Bei huzisahau, huziandika kwenye kifundo cha mkono,
jasho likizifuta ananipigia simu.
Miezi ile haipo kwake. Haikufichwa popote,
haikuingia.
Juzi aliniuliza, "Nilimfanyia nini shangazi?"
Alimuuma, begani, hadi damu.
Nikasema, "Ulilala tu."
Aliniangalia kwa muda, akafunga kitambaa cha mteja,
akanirudishia chenji isiyo sahihi.