Kiti cha Tsiala

Mikutano ya wazazi ilikuwa ya Manana.
Yeye ndiye aliyejua mlango, aliyejua jina la mwalimu,
aliyevaa koti la kijivu akateremka kilima.
Mimi nilikuwa chini ya ardhi, au nimelala,
na ripoti ya alama niliitia sahihi kama stakabadhi ya kuni.

Sasa Manana yuko Bari, anamlea bibi wa watu,
anamlisha supu kwa kijiko, anambadilishia mashuka,
na kila mwezi fedha zake hufika kabla ya salamu.
Kwa hiyo Alhamisi ile ya Desemba nilioga mara mbili.
Vumbi la manganizi halitoki kuchani;
nikaificha mikono mfukoni, nikapanda kibanda cha waya
kinachovuka bonde la Chiatura kikilia kama bawaba kavu,
nami njia nzima naomba, Mungu anisamehe,
umeme ukatike.

Haukukatika.

"Keti anapoketi mwanao," alisema mwalimu Lamzira.
Goti langu likagonga dawati. Akina mama kumi na saba wakageuka.
Pembeni mwa dawati, kwa penseli, vistari:
vinne vimesimama, cha tano kimevikata,
vile vile ninavyohesabu mabehewa kwenye nguzo ya mgodi.
Nikahesabu. Kumi na tisa.
Miezi tangu Manana apande basi.
Nikaweka kofia juu yake, asione mtu.

Nilingoja lawama. Fizikia, tatu kati ya kumi.
Maneno yangu nilikuwa nimeyanoa tangu nyumbani:
kufundisha ni kazi yenu, mimi nimeleta mtoto.
Lamzira alivuta kiti, akasema kwa sauti ya mtu asiyelala vizuri:
"Mimi ninaye kwa dakika arobaini. Baada ya hapo simwoni.
Nieleze, akishindwa hufanyaje?"

Yeye, mwenye miwani, ananiuliza mimi.
Nikafikiri. Nikasema: huosha vyombo.
Hata vilivyo safi.
Akaliandika neno langu katika daftari lake.

Hakutaka nijifunze fizikia uzeeni.
Alitaka swali moja kila jioni, kabla ya vyombo.
Si "umepata ngapi."
Leo umekwama wapi?

Jioni ya kwanza Tsiala alinitazama
kama aliyemwona ng'ombe akisoma gazeti.
Ya pili alisema, "Kote."
Ya tatu nilianza mimi: nikamwambia winchi imenishinda,
mzigo ule ule, leo unapanda, kesho unagoma.
Akaiacha sahani majini. "Pembe ya kamba ni ngapi?"
Sikujua kamba ina pembe.
Akaichora winchi yangu nyuma ya bili ya umeme,
mishale huku, mishale kule, akakosea,
akafuta kwa kidole chenye povu, karatasi ikatoboka.
Picha nikampelekea Lamzira kwa simu.
Ikarudi na duara jekundu mahali pamoja
na neno moja: karibu.
Mpaka leo sijui alimaanisha jibu, au sisi.

Saa tatu usiku Manana hupiga.
Bibi wake amelala, hivyo hunong'ona jikoni kwa watu;
simu tunaiegemeza kwenye chupa ya siki,
naye, uso umekatika vipande kwa mtandao mbovu,
huuliza: mmekwama wapi leo?
Mme-. Sote.

Machi fizikia ilikuwa tano. Nilitamani sita. Ilikuwa tano.
Nikatia sahihi polepole, herufi zote za jina langu.
Kwenye mkutano goti lilijua pa kupita.
Vistari vilikuwa ishirini na viwili; sikuvifuta, si vyangu.
Ila kando ya kile cha mwisho kulikuwa na winchi ndogo,
kamba yake imelala upande,
na pembe ameiandika:
nyuzi thelathini na moja.